Mstari wa Baba Kwenye Sakafu

Kila mtu aliyekuja kuutazama ufa wa chumba cha mama alitutupia methali ileile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenyekiti wa kijiji aliisema. Bwana shamba aliisema. Jirani yetu, mzee wa kanisa, aliisema huku amefumba macho, utadhani ameitunga yeye asubuhi ile. Wakishaisema walikunywa chai ya mama, wakatikisa vichwa, wakaaga. Ufa ukabaki palepale. Mpaka leo mtu akianza kuitamka methali hiyo mbele yangu, namkatiza.

Ufa ulianzia juu, chini ya kenchi za paa, ukashuka ngazi ngazi ukifuata tofali, ukaja kuishia kwenye ukuta ambao mama aliuegemeza kitanda chake. Mwanzoni ulipitisha ukucha. Baadaye ukapitisha kidole, kisha ukapitisha mwanga, na sehemu ya juu ya ukuta ikaanza kuinamia ndani. Mimi nilikuwa nafanya kazi Dodoma. Kila nikirudi nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, nilikwenda kwanza kuutazama ule ukuta, na kila mara nilitoka chumbani nimekasirika.

Nilimwambia mama ahame. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamtuma shangazi, nikamfokea tena. Kaka yangu mkubwa ana nyumba nzuri Tunduma mjini, na yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza kuliko sisi sote. Karibu kila wiki alikuja na gari, amekwisha kumwandalia chumba, akisema, "Mama, twende kwangu, hapa utatufia." Mama alikuwa na jibu moja tu.

"Nitatoka humu siku aliyenitikisia nyumba atakaposimama hapo mlangoni, aniambie kwa mdomo wake: mama, ni mimi. Kabla ya hapo mtanikuta chini ya huo ukuta."

Mama ni Mnyiha wa Iyula, na akishasema hivyo, hata malaika wakishuka watarudi walikotoka. Hasira zangu nimezirithi kwake, sijidanganyi.

Nyumba ilijengwa na baba. Baba alikuwa dereva wa malori kutoka Kondoa. Alikuja Tunduma kusubiri mzigo wa kwenda Zambia, akamwona mama sokoni akiuza maharage, na tangu hapo kila mzigo ulimrudisha hapohapo mpaka akaacha kuhama. Mama alisilimu, wakaoana, wakapata kiwanja nje ya mji, upande wa juu wa barabara kuu iendayo Vwawa. Siku hizo palikuwa mahindi matupu. Baba alipanga tofali kwa mikono yake, likizo kwa likizo, na alipofariki aliiacha nyumba ikiwa imesimama wima.

Kisha likaja chimbo la kokoto. Ukisimama mlangoni kwa mama ukatazama mashariki, unaona kilima kimeng'olewa ubavu, cheupe, mbele yako kabisa. Hilo ndilo chimbo. Kushoto kwake kuna bonde lenye maji na nyasi, hakuna kitu isipokuwa ng'ombe na migomba ya watu. Kulia, karibu zaidi na kwetu, kwenye mteremko unaoshukia barabarani, kuna yadi iliyozungushiwa mabati, ambako kaka na wasafirishaji wenzake walikuwa wanatengeneza maegesho ya malori. Foleni ya mpakani hulaza malori barabarani, na wao waliona mbali. Mteremko ule ulikuwa na miamba, wakawa wanaichoma kwa matairi mabovu, wanaimwagia maji, inapasuka, wanaimalizia kwa nyundo. Moshi wake tuliuona. Ndivyo watu wa kwetu wanavyopasua mawe miaka yote.

Chimboni walikuwa wakipiga king'ora alasiri, watu wanakaa mbali, halafu mlipuko. Mlio wenyewe ulikuwa na mkia. Kwanza ulisikia kishindo cha mbali, kisha mara kikaja kingine kizito, kifupi, vikombe vikagongana kabatini. Sisi tulikiita mwangwi. Hata mama aliniambia kwenye simu, "Leo mwangwi wao umeniangushia sahani." Sikumsahihisha. Nani anauuliza mwangwi maswali?

Wanakijiji walilalamika. Malalamiko yakapelekwa Vwawa, yakarudi kijijini, kikaitwa kikao darasani kwenye shule ya msingi. Msimamizi wa chimbo alikuja na koti la kung'aa na kofia ngumu, kana kwamba dari la darasa lingemwangukia. Nilikuwapo. Aliwatazama wazee waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, akasema, "Nyumba za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, hata mtu akipiga chafya zinapasuka. Leteni ushahidi kwamba ni sisi."

Nilisikia damu inanipanda mpaka machoni. Kaka alisimama akamjibu kwa sauti kuliko mtu yeyote. Alimwita muuaji. Alisema mama yake akifa, damu yake iko mikononi mwa chimbo. Watu walimpigia makofi, nami nikapiga.

Ushahidi aliouomba yule bwana ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa vipima mitetemo. Vyombo hivi huwekwa ardhini kusikiliza matetemeko ya nchi, na huku kwetu, kwenye bonde la Rukwa, ardhi hainyamazi. Ofisini palikuwa na chombo kimoja kilichostaafishwa, kizito kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikakipakia kwenye basi nikamtumia kaka. Likizo yangu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo yeye ndiye aliyekifunga, mimi nikimwelekeza kwa simu.

"Kiweke stoo kwa mama, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango."

"Kimekaa."

"Kuna kipovu cha maji juu yake. Kizungushie miguu mpaka kipovu kikae katikati."

"Kimekaa katikati."

"Kuna mshale mweusi umechorwa juu. Uelekeze kaskazini. Kaskazini kabisa, kaka, usikisie."

"Sikisii, mdogo wangu. Nimeuweka sawasawa, hautoki hata unywele."

Nilimwamini. Kaka si mtu wa kulipua kazi. Akifunga turubai ya lori, upepo wa Makambako wote hauifungui.

Niseme kidogo jinsi tunavyojua wimbi linatoka wapi, maana humo ndimo kila kitu kilimogeukia. Baruti ikilipuka, ardhi hupeleka mawimbi ya namna nyingi. Yale yanayosumbua nyumba zaidi hutambaa juu juu, kwenye uso wa ardhi. Yakipita, kila punje ya udongo huzunguka kidogo pale ilipo: hupanda, hurudi nyuma kule wimbi linakotoka, hushuka, husogea mbele, hupanda tena. Ni gurudumu linalozunguka kinyume wakati gari linakwenda mbele. Chombo huandika miendo mitatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Ukiilinganisha unapata mstari ambao udongo uliyumbia. Kisha ukiangalia udongo ulikuwa unavutwa upande gani ulipofika juu kabisa, unajua wimbi lilitoka mwisho upi wa mstari huo. Ni hesabu nzuri, haina ujanja. Lakini yote inasimama juu ya kitu kimoja cha kipuuzi: mshale uwe umeelekea kaskazini.

Kaka alinitumia maandishi ya chombo, nikayafungua. Kila mlipuko ulikuwa na mawimbi mawili. Lilitangulia dogo, jembamba, kisha likafuata kubwa lililojaza skrini. Nikapiga hesabu ya lile kubwa. Mstari ukatoka nyumbani kwa mama, ukavuka mashamba, ukagonga chimbo la kokoto katikati ya kifua. Nikarudia kwa mlipuko mwingine. Chimbo. Mwingine. Chimbo. Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko kibaya, nikimwona yule bwana na kofia yake. Nikampigia kaka.

"Ni wao," nilimwambia.

Akasema, "Alhamdulillahi. Una hakika?"

"Mstari unakwenda moja kwa moja."

"Basi njoo uwaoneshe mwenyewe." Kabla sijapanda basi, kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia kutoka kwake. Mwenyekiti alinipigia kunipongeza, akaongeza na methali, mnajua ipi.

Ila lile wimbi dogo lilinikera. Lilielekea kushoto, bondeni, kwenye nyasi na ng'ombe. Kila mlipuko, bila kukosa, bondeni. Ng'ombe hawalipui kitu. Nilifika nyumbani siku moja kabla ya kikao cha pili, cha kutoa majibu, nikamwamkia mama, nikautazama ukuta, nikakasirika kama kawaida yangu, kisha nikaingia stoo.

Nilitoa nje majembe yote na pipa la chuma, maana chuma huidanganya dira. Nikaiweka dira kando ya chombo. Sindano ya dira na mshale wa chombo havikupatana. Mshale ulikuwa umelalia kulia, mashariki ya kaskazini. Nikainua dira, nikaitikisa, nikairudisha. Vilevile. Ndipo nikatazama chini, nikaona kitu ambacho nimekiona tangu utotoni hata nikaacha kukiona.

Kwenye sakafu ya stoo kuna mstari. Baba aliuchora kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Stoo ndipo alipokuwa akiswalia akiwa nyumbani, na kwa kuwa kuta za nyumba zilifuata kiwanja, hazikufuata kibla, alichora mstari ili asikosee hata taa ikizimika. Hapo ndipo alipotufundisha kuswali, mimi na kaka, tumesimama nyuma yake. Na hapo ndipo alipotufundisha pande za dunia. Kaskazini ni mbele yetu tunapoelekea kibla, alisema, kusini mgongoni, mashariki mkono wa kulia. Kwa mtoto wa Tunduma inatosha. Makka iko kaskazini yetu, kweli. Ila haiko kaskazini kabisa. Imesogea mashariki kidogo, kama nyuzi kumi na tatu. Niliyajua hayo chuoni. Kaka hakwenda chuo, alikwenda barabarani, na barabara huijui kwa nyuzi, unaijua kwa miji. Nilipomwambia kaskazini kabisa, alikwenda kwenye kitu sahihi kuliko vyote alivyovijua maishani, akaulaza mshale juu ya mstari wa baba. Kweli haukutoka hata unywele.

Mstari wa baba haukukosea. Haukuchorwa kwa kazi yangu.

Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, kompyuta magotini, nikaisogeza picha yote kulia kwa nyuzi zile. Kazi yenyewe ni ya dakika. Wimbi dogo likaondoka bondeni kwa ng'ombe, likaenda kukaa juu ya chimbo la kokoto, pahali pake hasa. Na lile kubwa, lililokuwa likimwangushia mama sahani, likatoka chimboni, likasogea kulia, likaingia ndani ya mabati ya yadi ya kaka.

Mama alikuwa anachambua mchele wa Kamsamba kwenye ungo. "Umepata nini?" aliniuliza.

"Bado naangalia, mama."

"Mbona unahema?"

Nilitoka. Nilikwenda yadini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, watu wakinipisha. Mwangwi! Mwangwi gani unaozidi sauti iliyouzaa? Tumekaa miezi mizima tunakunywa chai na kuuita mwangwi, kijiji kizima na mimi fundi wake.

Kaka alikuwa anazungumza na madereva wawili wa Kizambia getini, anawachekesha kwa Kibemba chake cha sokoni. Aliponiona uso aliwaaga. Nilimpita nikaingia ndani. Miamba ilikuwa imekatwa vizuri mno. Kwenye ukuta wa jiwe kulikuwa na nusu za mashimo, membamba, marefu, yamenyooka, sambamba. Moto wa matairi hautoboi mashimo. Hizo ni alama za kuchoronga mwamba kwa mashine, na shimo la kuchoronga huchimbwa litiwe baruti.

"Mnalipua," nilisema.

"Vidogo tu."

"Saa ngapi?"

Akatazama chini. "Wao wakipiga, tunasikia, na sisi tunapiga. Watu wanakuwa wameshakaa mbali, ni salama. Kibali kinachelewa, mdogo wangu, hujui. Malori yanalala barabarani, madereva wanaibiwa dizeli. Tungesubiri mpaka lini?"

"Nyumba ya mama iko karibu na wewe kuliko na wao."

"Yao ni makubwa. Yetu ni vidogo."

"Kidogo kilichoko mlangoni kinakuwa kikubwa. Hesabu nimekuja nayo hapa, nikuoneshe?"

Hakutaka kuona. Alisema jambo lingine, na ndilo lililonimaliza. Alisema kwa upole, sauti ileile anayombembelezea mama, "Mashine yako imeshasema ni kokoto. Kijiji kimekubali. Iache ilivyosema. Hao ni matajiri, hawatakufa njaa."

Nilimwuliza, "Na mama?"

"Mama nimemwambia ahamie kwangu mara ngapi? Mungu shahidi."

Nilitamani kumpiga. Nasema kweli, nilitazama jiwe chini nikalipima kwa macho. Maana ghafla nilizielewa zile safari zake za kila wiki, lile gari, kile chumba kilichotandikwa. Hakuwa anamwondoa mama hatarini. Alikuwa anaiondolea baruti yake kizuizi, na kizuizi ni mama. Na aliposimama darasani akamwita mwenzake muuaji, akapigiwa makofi, alikuwa anajua. Nami nilipiga makofi.

"Kesho nitasema ilivyo," nilimwambia. "Kama wewe ni mtoto wa baba yangu, nenda leo kwa mama ukaseme kwanza."

Hakwenda. Nilimsubiri jioni yote, sikulisikia gari lake.

Kikao kilijaa mpaka madirishani. Walikuja kusherehekea. Mama alikaa dawati la mbele, kajifunga khanga yake nzuri, na kaka alisimama nyuma ukutani na wasafirishaji wenzake. Msimamizi wa chimbo alivaa kofia yake. Nilichukua chaki nikachora ubaoni nyumba ya mama, kilima, bonde na yadi. Nikaeleza kwamba mawimbi ni mawili, na kwamba chombo kilikuwa kimekaa upande, ndiyo maana habari ya kwanza waliyoisikia haikuwa sahihi. Nikachora mstari wa wimbi dogo, ukaenda chimboni. Minong'ono ikaanza. Nikachora mstari wa wimbi kubwa, nikaikandamiza chaki kwa hasira mpaka ikakatika. Nikaokota kipande, nikaumalizia ndani ya yadi.

Niligeuka nikamtazama kaka. Nilimpa nafasi. Chumba kizima kiligeuka kumtazama.

"Huo ni mwangwi," alisema. "Kila mtu anaujua mwangwi wa kilima kile."

Basi ndivyo alivyosema, mbele ya mama yake.

Msimamizi alicheka. "Dada, asante. Mimi nilisema tangu mwanzo."

"Ulisema chafya," nilimjibu. "Na wewe umo. Wimbi lako ni dogo, lakini limo, na linapita chini ya kitanda cha mama yangu kila king'ora kinapolia. Usinishukuru." Akaacha kucheka, lakini haikunipoza hata kidogo.

Wanakijiji walinikasirikia mimi. Walikuja na adui mmoja tayari, mgeni, tajiri, mwenye kofia, nami nikamnyang'anya mkononi mwao nikawapa mtu wao. Mmoja alisema nimehongwa. Mwanamke niliyesoma naye darasa lilelile, ubao uleule, alitema mate chini niliposhuka ngazi. Mzee wa kanisa alisema kwa sauti ya chini, "Kikulacho ki nguoni mwako," na kwa mara ya kwanza methali yake ilinichoma kwa kuwa ilikuwa kweli. Mama aliinuka, akaikaza khanga yake, akatoka bila kumtazama mtoto wake yeyote.

Nilimkuta chumbani ameketi kitandani, chini ya ufa.

"Mama, umemjua sasa. Twende. Nitakuchukua Dodoma."

"Nimejua," alisema. "Hajaniambia."

"Ubao umesema!"

"Mimi sikusema nataka kuambiwa na ubao."

Nilipiga kelele. Nilimwambia ukuta haujui viapo, ukuta unajua kuanguka tu. Alinitukana kwa Kinyiha, tusi moja la Iyula lililonirudisha utotoni, kisha akaniuliza kama nimekula.

Wakubwa walikuja kutoka Vwawa, wakaingia yadini, wakazitazama zile alama za kuchoronga. Baruti ikasimamishwa pale. Chimbo nalo likaambiwa lipunguze. Sahani za mama hazianguki tena. Kwa hiyo kazi yangu ilifanikiwa, watu wa ofisini waliniambia hongera, nami nikawajibu asante. Ila ukuta uliokwisha kuinama hauinuki kwa kusikia habari njema, na fundi tuliyemleta alisema hawezi kuuvunja wala kuujenga mtu akiwa amelala chini yake.

Kaka alianza kuja na miti ya mikaratusi. Anakuja Ijumaa baada ya swala, kanzu yake bado safi, anaivua, anauegemeza mti mmoja ukutani, anaukaza kwa kabari. Kazi yake ni nzuri, kama kawaida yake. Haongei nami. Chumba kimejaa miti mpaka unapita kwa kuinama, na kila mti ameuweka yeye mwenyewe, hajawahi kumtuma kibarua.

Safari yangu ya mwisho, mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kupanga foleni upande wa Zambia. Niliingia chumbani kabla ya kuvua viatu. Kitanda cha mama kilikuwa kimesogezwa. Nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaona kimesogezwa wapi. Amekiingiza katikati ya miti, mto wake umekaa chini ya ile sehemu iliyoinama kuliko zote, ili mtu asiweze kuutazama ukuta bila kumtazama yeye.

Kaka alifika na mti begani. Mama alikuwa amelala chali, macho juu, mikono kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia jambo?"

Kaka alisimama pale mlangoni, mahali hasa ambapo mama alisema mtu huyo atasimama. Niliona mdomo wake unafunguka. Hasira zangu zote, za miezi yote, zikamsubiri aseme maneno matatu tu.

"Hapana, mama," alisema. "Nimekuja kuutazama ukuta."

"Haya," mama alisema. "Utazame."